Mechi ya Mfunguo Mosi

Jumamosi, 12 Februari. Ibra, Oman

Mimi ni mke wa mtu, na bado naishi kwa baba yangu. Milka, ndoa yenyewe, ilisomwa Disemba sebuleni kwetu: Nabhan akakubali, mimi nikatia saini, halwa ikaliwa, na kabla hatujazoeana hata kutazamana akapanda ndege kurudi Slovakia kucheza mpira. Kwa dini sisi ni mume na mke. Kwa ada sijatolewa bado, na mpaka nitolewe siendi kwake, wala siendi kwa mama yake Sur. Hata simu zetu Bibi yangu anazisikiliza kwa sikio moja, huku jingine likijifanya linasikiliza redio.

Harusi imewekwa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, Ijumaa ya tarehe 27 Mei, ligi ya kwao ikiwa imekwisha. Ukumbi umeshashikwa. Naandika Kiswahili kwa sababu wadogo zangu wanakisema lakini kukisoma hawawezi, basi hapa naweza kusema kwamba nimemmisi mtu ambaye nimekaa naye siku chache tu.

Leo ligi imerudi baada ya mapumziko ya baridi. Timu yake ni ya mji mdogo mashariki kabisa ya nchi, karibu na mpaka wa Ukraine. Yeye ni beki wa kushoto. Wameshinda.

Jumamosi, 19 Februari

Bi Mahfudha, mama mkwe wangu, amenipigia kutoka Aija, mtaa wa kwao Sur. Simpendi sana, nitasema kweli. Siku ya posa aliionja halwa yetu, akauliza imepikwa na nani, kisha akakirudisha kijiko taratibu kwenye sahani. Leo alitaka nimfungulie mechi kwenye simu yake. Kipindi cha kwanza chote kilikwisha namwelekeza pa kubonyeza.

Alipoipata akauliza mwanawe ni yupi. Nikamwambia yule wa upande wa kushoto, namba tatu. Akasema mbona amekonda. Kwenye simu yangu Nabhan alikuwa mdogo kama punje ya mtama, sijui yeye aliuona wapi wembamba. Sare.

Alhamisi, 24 Februari

Vita Ukraine. Nilikuwa kazini, duka la miwani, nimemkalisha mzee wa watu anasoma herufi ukutani, nikaiona habari kwenye simu. Mzee akasoma ubao mzima tena, na mimi sijasikia hata herufi moja.

Nabhan amepokea mara ya nne. Anasema kwao hakuna mabomu, kuna magari. Magari tangu alfajiri, yote yanatoka upande mmoja. Nimemwambia arudi. Amesema ana mechi Jumamosi.

Jumapili, 27 Februari

Mechi iliahirishwa. Ukumbi wa mazoezi wa timu umetiwa vitanda. Wamelala kina mama na watoto waliovuka mpaka. Nabhan na wenzake wanabeba mabegi. Ameniambia kuna bibi mmoja amekuja na paka ndani ya koti na hana kitu kingine chochote.

Baba amesema kwa sauti ya taarifa ya habari kwamba kijana arudi, mkataba ni karatasi. Bi Mahfudha amesema hivyo hivyo, kwa machozi. Mara ya kwanza mimi na yeye tumekubaliana jambo.

Ijumaa, 4 Machi

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani, vita au mume.

Kipa wao anaitwa Taras, kwao ni ng'ambo ya mpaka. Ndiye rafiki wa Nabhan kule. Ndiye aliyemfundisha kuvaa soksi mbili. Siku ya pili ya vita Taras alivuka kwenda kumchukua mama yake. Kurudi, mama wamempitisha na yeye wamemzuia, kwa sababu wanaume hawaruhusiwi kutoka. Mama akabaki upande huu wa kizuizi na begi lake, mwana upande ule. Taras akampigia Nabhan, na Nabhan akaenda kumchukua.

Sasa Mama Taras anaishi kwa Nabhan. Katika ile nyumba ya vyumba viwili aliyonionesha kwenye simu pazia kwa pazia. Chumba alichopewa ni kile chetu. Mashuka ya rangi ya zafarani niliyoyachagua mimi, nikayakunja mimi, nikamtilia kwenye begi lake mimi, anayalalia mama wa mtu mwingine. Nabhan analala kwenye kochi.

Nimemuuliza ukumbi wa timu umejaa? Akasema umejaa. Nikamuuliza na mimi nikija nitalala wapi? Akasema, "Abeer, ningemwacha pale?"

Nimekata simu.

Jumamosi, 5 Machi

Sikupokea.

Jumapili, 6 Machi

Sikupokea. Bibi ameuliza kama simu imeharibika.

Jumatatu, 7 Machi

Nimepokea. Nimemwambia mashuka yale yasifuliwe kwa maji ya moto.

Jumamosi, 12 Machi

Wamefungwa manne. Kipa mpya ni kijana wa timu ya pili, na kila mpira wa juu anautazama kama anayeusubiri uamue wenyewe. Bi Mahfudha anapiga sasa kila mechi na haniulizi tena pa kubonyeza. Baada ya bao la tatu alisema huyu mtoto angekwenda kuuza samaki. Nikacheka, naye akacheka, halafu sote tukaona haya na kuagana.

Jumatano, 16 Machi

Nimempeleka Bibi soko la wanawake kununua vitambaa vya harusi. Kila tuliyekutana naye ameuliza bwana harusi anakuja lini, wengine kwa wema. Bibi anawajibu, "Mfunguo Mosi, inshaallah," na kidevu kakiinua. Anataka kila kitu kama alivyofanyiwa yeye Unguja: singo ya kusuguliwa manukato siku saba, udi, hina mpaka kwenye goti. Nami nataka. Natamani kunukia vile kwa ajili ya mtu.

Jumamosi, 19 Machi

Wamefungwa.

Jumapili, 3 Aprili. Ramadhani mosi

Joto limeingia pamoja na mwezi. Nabhan anafunga huku anacheza. Mwalimu wake hakufurahi lakini hakumkataza.

Jana amenieleza jambo nimelala nalo. Timu itakayokuwa ya mwisho inashuka daraja. Ya pili kutoka mwisho inacheza mechi mbili za mchujo na timu ya daraja la chini. Ikishuka, mkataba wake unakufa wenyewe, na timu ya Sur inamtaka hata kesho. Ikibaki, mkataba unaendelea mwaka mzima mwingine. Alinieleza kama mtu anayesoma hali ya hewa. Hakuniuliza mimi nataka lipi, na nilishukuru hakuuliza.

Usiku, baada ya tarawehe, niliinua mikono na kuomba timu ya mume wangu ifungwe. Nilisema wazi, kwa jina la timu, isije dua ikaenda kwa timu nyingine.

Jumamosi, 9 Aprili

Leo nimemfunguza mtu saumu.

Tulikuwa kwenye simu wakati wa magharibi, mimi jikoni nakaanga sambusa, yeye kwenye kochi lake na tende mkononi tayari kwa baadaye. Msikiti wetu ukaadhini. Nami nikala, naye akala. Alipoimeza ndipo akageuka akatazama dirishani, na jua la kule bado liko juu ya miti, limebakisha karibu saa tatu kabla ya kuzama. Tulitazamana. Akasema hakufikiri hata kidogo. Amesikia adhana akala, kama yuko Ibra.

Bibi alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho akasema ajue mwenyewe na Mola wake, ila kwa fatwa ya Bibi ailipe siku hiyo. Baba hakucheka, alisema mwanamume makini hutazama saa.

Mimi nimekaa na neno lake moja tu. Kama yuko Ibra. Nilikuwa nikidhani ni mimi peke yangu ninayeishi katika nyumba mbili.

Jumapili, 17 Aprili

Wamefungwa tena. Dua zangu zinapokelewa kwa haraka ya kutisha.

Jumamosi, 23 Aprili

Sare.

Jumatatu, 2 Mei. Idi

Nabhan amesali Idi peke yake na mwanafunzi mmoja wa udaktari kutoka Jordan, wawili tu, imamu na safu yake. Aliporudi akakuta Mama Taras amemwokea mkate wa duara. Aliona mwezi mzima huyu kijana hali mchana, akajua leo ni leo.

Nabhan akamgeuzia simu. Mara ya kwanza namwona uso. Nilimtarajia mzee sana; ni wa umri wa Bi Mahfudha, nywele fupi, macho yamevimba. Nilikuwa na maneno yangu ya siku nyingi. Yakanipotea. Alizungumza kwa lugha yake, nami nikamjibu kwa yangu, Idi mubarak, mama, na afya. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na simu yake. Akanionesha picha ya Taras kavaa magwanda. Akaiweka shavuni kwake ili nione wamefanana. Wamefanana.

Baadaye Nabhan akaniambia kwamba mashuka yangu hayalalii. Siku ya kwanza aliuliza ni ya nani, akayakunja, akayaweka juu ya kabati, na amelala kwenye godoro tupu na blanketi lake tangu Machi.

Nimekwenda kulia bafuni, na maji nimeyafungua.

Jumanne, 3 Mei

Shuwa, nyama yetu ya Idi, imetolewa kwenye shimo, imelainika vizuri. Nimewaza mkate wa duara ungekwenda nayo. Nimemwambia Nabhan amwambie Mama Taras ayatandike mashuka. Amerudi kusema amekataa: ya bibi harusi ni ya bibi harusi.

Jumamosi, 14 Mei

Mechi ya mwisho ya ligi. Wakipata sare tu wanamaliza juu ya mchujo, na Nabhan anapanda ndege Jumatatu. Wakifungwa wanaingia mchujo. Leo niliomba sare. Niliomba kwa bidii, na nilijua nimechelewa.

Walikuwa na sare mpaka dakika za mwisho. Kona ikapigwa, yule kipa mtoto akatoka akarudi, akatoka tena, na mpira ukaingia. Kwenye simu nilisikia feni ya chumbani kwa Bi Mahfudha.

Nabhan amepiga baadaye, bado na matope. Mchujo wa kwanza Jumanne tarehe 24. Wa pili Ijumaa tarehe 27.

Mwezi na nusu nimeomba wafungwe ili nimpate, na wamefungwa mpaka wamenichukulia siku yangu ya harusi. Sitaki mtu aniambie Mungu hana mzaha.

Jumatatu, 16 Mei

Gharbi inavuma tangu asubuhi, upepo wa tanuri, hata vipini vya milango vinaunguza. Nyumba nzima inanong'ona. Kadi zimeshagawiwa mpaka Nizwa.

Baba anataka tuahirishe. Lakini timu ikibaki wanaanza mazoezi tena mwanzo kabisa wa Juni, na mapumziko mengine ni Disemba. Nikasema tufanye siku ile ile, mimi nitolewe, kisha nimfuate visa ikitoka. Nilisema mbele ya wote.

Bibi akaweka kikombe. "Harusi bila bwana harusi ni khitma," akasema. "Mie siji kwenye khitma nimejitia udi."

Nikamwambia Bibi kwamba nampenda mume wangu. Halisemwi neno hilo kwetu mbele ya baba mtu. Baba akainuka akaenda kutazama kiyoyozi, nacho kinafanya kazi vizuri.

Jumatano, 18 Mei

Bi Mahfudha amekuja kutoka Sur, bila kupiga simu, na jua hili. Alimpa Bibi shikamoo, akamwamkia Baba, akakaa. Akaletewa kahawa na halwa. Akala halwa, kijiko cha pili, cha tatu. Kisha akasema amekuja kuzungumza.

Alisema yeye mwenyewe alitolewa mumewe akiwa kazini Kuwait. Mkwewe ndiye aliyekuja kumchukua na mabasi mawili ya wanawake, na mume hakumwona uso mpaka miezi ilipopita. Wapo waliocheka. "Walonicheka wote nimewazika," akasema, "na nimewasomea Yasini."

Baba akauliza, na mwanao akibaki kule mwaka mwingine?

"Nitampeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Mie ndie nlokuja kumposa, Bwana Hamed. Mwanangu ana mchezo, na nyumbani kwake ana mama wa watu hana pa kwenda. Asingemchukua yule mama ningemuonea haya. Nipeni mkwe wangu, nikamuweke kwangu."

Bibi akauliza hiyo singo watakuja nayo ya wapi, maana ya Sur haina liwa ya kutosha. Ndivyo Bibi anavyokubali.

Nilimsindikiza Bi Mahfudha garini. Nikambusu mkono. Akasema mkono wangu una jasho, niende ndani. Nilimdhania huyu mwanamke ana makuu, kumbe ni mtu anayejizuia.

Jumamosi, 21 Mei

Singo. Nanukia mpaka nafsi yangu mwenyewe inanigeukia. Hakuna wa kuninusa.

Jumanne, 24 Mei

Wamefungwa bao moja ugenini. Wakishindwa kulirudisha Ijumaa wanashuka, naye anarudi nyumbani moja kwa moja. Bibi amesema labda kuna kheri ndani yake. Amesema huku ananitia hina, hakunitazama.

Ijumaa, 27 Mei

Naandika alfajiri ya pili yake, Aija, sijalala, lakini siku ni ile.

Mechi ilianza saa moja na nusu ya jioni ya kwetu. Mimi nilikuwa chumba cha kupambia, nyuma ya ukumbi, nimekwisha pambwa: nguo ya kijani, dhahabu mpaka kiunoni, hina ya viganja imerudiwa na bado mbichi, siwezi kuinama. Bi Mahfudha akaingia, akamwambia mpambaji akapumzike, akafunga mlango. Akatoa simu ndani ya buibui lake. Akaisimamisha kwenye kopo la poda.

Wakarudisha bao kipindi cha pili. Nje taarabu inapigwa, wanawake wanauliza bibi harusi yuko wapi. Bibi alisimama mlangoni na kumwambia kila mtu kwamba hina haijakauka. Dakika za nyongeza zikaja zikapita. Penalti.

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia mama mkwe wangu, nimevaa nguo ya harusi, kwamba tangu Ramadhani nilikuwa nikiomba timu ya mwanawe ifungwe.

Hakugeuka kutoka kwenye simu. "Mie tangu Rajabu," akasema.

Nne kwa nne. Yule kipa mtoto, Mungu amwangalie, aliruka upande wa kweli akaukamata wa tano. Mtu mmoja tu amebaki. Akatoka namba tatu, anatembea kutoka katikati ya uwanja, mdogo kama punje ya mtama. Akikosa wataendelea kupiga, na kwa walivyochoka wataanguka, naye wiki ijayo yuko Sur. Akifunga, yuko kule mwaka mzima.

Bi Mahfudha akanishika mkono, na hina yote ikamwingia kiganjani. "Tuombe nini, mwanangu?" akaniuliza. "Mie sijui tuombe nini."

Nilimtazama Nabhan anauweka mpira, anaugeuza, anauweka tena. Nikawaza atakavyorudi leo nyumbani, Mama Taras amekaa anamngoja sebuleni, na uso atakaoingia nao mlangoni. Sikutaka aingie na uso wa kushindwa. Nilitaka kitu hicho kuliko nilivyotaka kulala karibu naye, na sikujua kama kinaweza kuwepo kitu ninachokitaka zaidi ya hicho.

Nikasema, "Aingize."

Akaingiza.

Bi Mahfudha akapiga kigelegele. Yule aliyetaka mwanawe arudi kuliko mtu yeyote duniani, akapiga kigelegele kirefu, cha kifua kizima, na machozi yanamshuka. Nje wakadhani ndiyo ishara, bibi harusi anatoka. Ukumbi mzima ukaitika. Ngoma zikabadilika, udi ukaletwa, mlango ukafunguliwa kwa nje, na taa zote zikanigeukia na mimi nalia.

Wakasema nalilia kwetu. Waache waseme.

Tulipanda jukwaani. Kiti ni cha watu wawili, kimejaa maua, nami nikakaa upande wangu. Watu walikuwa wakitazama pale pengine patakuwaje. Bi Mahfudha alisimama kidogo, akaliweka sawa buibui lake, akakaa mahali pa mwanawe. Alikaa pale usiku wote, mgongo wima, kiganja chekundu kwa hina yangu, akiwaamkia wageni mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka.

Nabhan amepiga tukiwa njiani kuja Sur. Alikuwa hajaoga. Gari lina giza, akaomba niwashe taa anione. Nikawasha. Akatazama tu, nami nikamwacha atazame. Nyuma yake, sebuleni kwake, kulikuwa na kelele za wenzake wanaimba, na kwa mbali niliona Mama Taras anapunga mkono.

Jumamosi, 28 Mei. Aija

Nimeamka chumbani kwa Nabhan, saa tano, jua limejaa. Bi Mahfudha akaleta chai ya maziwa na vitumbua, akanikuta nimelala ukingoni kabisa mwa kitanda, karibu nianguke. Akauliza mbona sikujinyoosha, kitanda chote hiki changu.

Nikamwambia upande ule una mwenyewe.